Kipimo Kilichopalilia Jaruba la Watu

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unasemaje? Usinijibu "hatujambo tu" kama kwenye simu, maana najua mnapandikiza mpunga sasa, na vibarua huwezi kuwaachia peke yao. Mimi mzima. Baridi ya huku Ujerumani tumeshazoeana, kila mmoja anamvumilia mwenzake. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu nikianza habari ndefu unanikatiza kuniuliza kama nimekula. Nimekula, Mama. Kuna dada wa Iringa anayesoma huku, anakuja likizo, ndiye atakayepitisha barua hii hapo Rujewa.

Uliniuliza kama mkataba wangu wa kazi utaongezwa, na kama mdogo wangu Tusa ahamie chumbani kwangu. Nikakujibu "tutaongea." Ukweli ni kwamba nilikuwa sijui kama narudi au nabaki.

Kazi yetu ofisini ni kutengeneza kipimo. Programu ya kompyuta ikiwa nzito, watu wanawasha kipimo chetu, kinaiangalia ikifanya kazi, kisha kinawaonyesha inapopotezea muda. Sasa tatizo likaja: kipimo kikiwashwa, mara mojamoja programu inayopimwa inazima ghafla. Ni kama umemwita fundi aangalie bati linavuja wapi, naye anapanda juu analitoboa. Wateja wakakasirika, na haki yao. Mkuu wetu, Henrik, akasema lisiporekebishika kipimo kinaachwa. Kwangu maana yake mkataba unaisha, na kibali cha kuishi huku nacho kinaisha.

Nikwambie kweli, nusu ya moyo wangu ilifurahi. Nilijiona nimeshashuka stendi na begi langu. Nusu nyingine iliuma, maana kipimo kile nimekilea tangu nifike.

Tulilitafuta kosa mpaka tukachokana. Aliyenifungua macho ni Baba Mdogo, na usicheke. Unakumbuka aliporudi kutoka machimbo ya Chunya, akaenda moja kwa moja kwenye jaruba la mpunga alilolikodi msimu wa nyuma? Akapalilia asubuhi nzima, akang'oa na mpunga wa Mama Kandi akidhani ni magugu. Jaruba lilikuwa lilelile, mfereji uleule, ila mwenye shamba alishampa mtu mwingine na hakuna aliyemwambia. Mama Kandi analia, Baba Mdogo anamshangaa.

Kompyuta nayo inakodisha hivyohivyo. Kila kazi inapewa kipande chake cha kumbukumbu, ikimaliza inakirudisha, na kipande kilekile kinapewa kazi nyingine. Kipimo chetu kilikuwa kinashika anwani za vipande hivyo ili kiandike humo mambo yake. Kazi ikiisha, kipande kilikuwa kinarudishwa kwanza, ndipo kipimo kinaambiwa. Hapo katikati, muda mdogo kuliko kupepesa jicho, kipande kimeshachukuliwa na kazi nyingine, na kipimo bado kinaandika tu. Kinang'oa mpunga wa watu.

Nikakukumbuka wewe. Ukiachia jaruba huwa unamwita mwenye shamba na yule anayeingia, mnatembea tutani wote watatu, unasema "hapa mimi nimetoka," ndipo mwenzako anafungulia maji. Basi nikageuza mpangilio. Kipimo kiambiwe kwanza, kifute anwani, kikubali kwamba kimetoka, ndipo kipande kirudishwe. Henrik akaniuliza nimelipataje wazo hilo. Nikamwambia kwetu tunalima mpunga. Akaitikia kwa kichwa kama ameelewa, maskini.

Tukaiacha programu ikimbie siku nyingi na kipimo kimewashwa. Haikuzima. Juzi wameniongezea mkataba, miaka mitatu.

Nilifurahi, Mama. Halafu nikajifungia chooni nikalia. Ningeshindwa, sasa hivi ningekuwa nafunga mizigo kuja kwako. Hakuna aliyenizuia kurudi, nimejizuia mwenyewe kwa mikono yangu, tena kwa kazi nzuri. Sijui mtu wa hivyo anapewa pole au hongera. Wewe ndiye utakayejua.

Nisalimie Baba Mdogo, ila usimwambie nimemtaja. Nisalimie Mama Kandi jirani yetu, na shangazi wa Idodi akipita. Ndaga fijo, asante sana kwa kunivumilia, nimekuchosha na mambo ya kompyuta.

Na chumba, mpe Tusa. Kitanda alalie, nguo zangu zinazomtosha avae. Ameniambia kwamba kila Jumamosi unakifagia na kubadilisha shuka, na hakuna anayelala humo. Usikilinde tena, Mama. Nikija likizo nitalala kwako.

Mwanao,
Atu