Mtoki Wangu Haupasuliwi

Kinole, Morogoro.
Jumapili, 9 Juni 2024

Mpendwa Mjomba Hatibu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Songea, na kwamba baridi haijakurudishia kikohozi. Sisi tu wazima, ila mimi nina huu mtoki wa kwapani.

Jambo hili sijapata kumwambia mtu: nakuogopa, Mjomba. Ukipiga simu mimi hutoka nje nisisikie sauti yako. Ndiyo maana naandika.

Najua kwetu mjomba ndiye mwenye neno juu ya mtoto wa dada yake. Ulimwagiza mama amwite mganga Babu Salehe aje Ijumaa, anipasue uvimbe huu kwa wembe kama alivyompasua kaka Nasibu. Mjomba, nimekataa.

Alhamisi nilikwenda zahanati peke yangu. Niliona haya kuinua mkono, lakini Daktari Editha hakuanza na kwapa. Aliuliza kama nakohoa, natoka jasho usiku au nimekonda, akanipima damu, kisha akashika mkono wangu. Akaona mikwaruzo na kipele kinachopona. "Nyumbani mna paka mdogo?"

Tunaye. Mama alimleta kutoka Dakawa alikofuata mpunga, kajaa viroboto. Daktari alisema viroboto humwachia paka vijidudu kwenye kucha, akikukwaruza tezi za kwapani huvimba kupambana navyo. Mara nyingi uvimbe huisha wenyewe, polepole. Alinipa vidonge, nirudi baada ya wiki mbili. Usipopungua nitapelekwa hospitali ya mjini.

"Asiupasue mtu," alisema. "Kidonda kinaweza kutoa usaha miezi na miezi."

Mjomba, Nasibu hadi leo anafunga kitambaa ndani ya shati.

Ijumaa Babu Salehe alikuja. Nikamwamkia, nikabana mkono. "Siutoi, Babu. Daktari kasema ni mikwaruzo ya paka tu." Akacheka, akamwambia mama, "Huyu keshaolewa na paka." Mama akauliza wewe utasemaje. Nikamjibu nitakuandikia mwenyewe.

Ukikasirika, nikasirikie mimi, si mama.

Msalimie mkaza mjomba Martina na mdogo wangu Hamza. Mungu awalinde, akupe na subira nami.

Babu alipoondoka nilimeza kidonge. Mama akamfunga paka miguu kwa kanga, nikamwogesha kwa sabuni, nikanawa mikono, nikaenda kutafuta karatasi.

Mpwa wako akupendaye hata anapokukatalia,
Raya