Figa Nililolisugua

Alhamisi, Mungaa. Upepo wa leo umeleta vumbi hadi kwenye uji, na macho yangu ni mekundu. Nikisema ni vumbi peke yake nitakuwa nadanganya.

Nianze na ujinga wangu. Huu ni mwezi wa tano tangu niolewe, na bado napikia kwenye moto wa mama mkwe. Kwetu mkamwana hapewi moto wake mpaka mama wa nyumba aridhike naye. Basi wiki iliyopita, kwa kutaka sifa, nikayasugua mafiga yake yote matatu kwa majivu na mchanga. Nani aliwahi kuosha figa? Masizi yakatoka, na figa moja likaonyesha matuta membamba yaliyopangana kama shamba la viazi. Lilikuwa jino. Jino la mnyama mkubwa ajabu, lililogeuka jiwe.

Balozi wa nyumba kumi alikuja kuomba kaa la moto, akaliona, habari ikafika wilayani.

Figa lile marehemu baba mkwe alilichimbua korongoni akitafuta maji, akamletea mkewe. Tulipohamia kijiji hiki cha ujamaa, mama aliacha kinu, akaacha hata mlango. Figa alilibeba kichwani.

Leo ukaitishwa mkutano. Ofisa wa mambo ya kale, ambaye kijiji kimeshambatiza Bwana Mifupa, alieleza kwa upole kwamba kisheria vitu kama hivi vikitoka kwenye ardhi ya umma ni vya taifa zima, maana kila mtu akijiokotea chake, historia yetu itaishia majikoni. Mzee Juma akauliza kama kuni za korongoni nazo ni za taifa, kwa kuwa mkewe amekwisha kuzichoma nyingi. Tulicheka. Wengine wakasema sheria haina ruhusa ya kuingia jikoni kwa mjane. Wengine wakajibu kwamba tumekubali ardhi iwe ya wote, basi tusianze kuchagua vya kuficha.

Mwenyekiti akaona maneno hayaishi. Akasema wanaokubali lichukuliwe wanyooshe mikono.

Nilinyoosha.

Naiamini sheria ile. Nataka watoto nitakaowazaa walione jino lile na waambiwe lilitoka kwao. Lakini nilikuwa nimekaa mkeka mmoja na mama, bega kwa bega, na nampenda mwanamke huyu kuliko nilivyotegemea kumpenda.

Mama akasimama, akajifunga kanga vizuri.

"Nimelipikia miaka yote sikuliona," akasema. "Aliyeliona ni huyu aliyelisugua. Lichukueni. Ila liandikwe jina la mume wangu, yeye ndiye aliyelichimbua."

Bwana Mifupa aliandika jina, akamsomea mara mbili.

Tulirudi nyumbani. Jikoni yalibaki mafiga mawili na chungu kimelala ubavu. Figa moja haliinjiki chungu, na mawili nayo hayakutusaidia kitu. Nikamwambia, "Shikamoo, mama," kana kwamba ndiyo kwanza tunaonana, kisha nikamwomba ruhusa ya kwenda korongoni kumtafutia jingine.

Aliitika marahaba. Hakuinua macho kwenye ungo wa mtama.

"Lete manne, mwanangu. Moja langu, matatu yako."

Nimelia mpaka akanicheka. Asubuhi nitashuka korongoni, na kila jiwe nitaligeuza pande zote kabla sijalibeba.