Filimbi ya Baba Mkwe Imo Kwenye Mkoba Wangu

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, na nakuomba uisome barua hii mpaka mwisho kabla hujacheka, maana najua mwanzo wake unachekesha. Mimi ni mama wa miaka sitini na mbili, nimestaafu kazi ya kusimamia chumba cha kufulia cha hospitali, watoto wanajitegemea, mume ninaye na tunaelewana, na starehe yangu ya uzeeni si kufuma vitambaa wala kuangalia tamthilia bali ni kutafuta vyuma ardhini kwa mashine, ile yenye mpini mrefu na sahani kwa chini, unaipitisha polepole juu ya udongo na ikihisi chuma inalia, nawe unainama unachimba. Mwenzangu katika mchezo huu ni wifi yangu, dada wa mume wangu, aliyekuwa fundi cherehani mpaka macho yakamchosha, na huu ni mwaka wa kumi na moja hatujakosa Jumamosi asubuhi ila kwa ugonjwa au msiba.

Watu wanadhani tunatafuta dhahabu, hata mume wangu anatutania hivyo, lakini ukweli tunaujua sisi wawili tu. Baba mkwe wangu alikuwa gadi wa treni, yule anayepuliza filimbi kabla treni haijaondoka, na filimbi yake ilikuwa ya shaba, namba yake ya kazi imechongwa ubavuni. Wifi alipokuwa na miaka tisa aliichukua kisirisiri akaenda kuchezea nyuma ya kota za reli walikokuwa wakiishi, ikampotea, na mzee alipouliza yeye akanyamaza, kosa likamwangukia kaka yake, yaani huyu mume wangu, akachapwa viboko ambavyo wifi anasema mpaka leo anavisikia. Mzee alifariki bila kuambiwa ukweli. Wifi aliniambia mimi peke yangu, akanilisha kiapo nisimwambie kaka yake. Kota zilibomolewa zamani, pamebaki uwanja wa majani na misingi ya saruji, na mtunza uwanja anaturuhusu kuchimba mradi tufukie mashimo yetu.

Tulianza na mashine mbili za mtumba, hazina kioo wala maandishi, zina mlio tu, na hapo ndipo wifi alipokuwa bingwa, mshauri wangu, maana anautambua mlio wa msumari na wa kopo na wa sarafu kama unavyotambua hodi ya mtu unayemjua. Mimi nilikuwa mwanafunzi wake na nilikuwa na furaha. Sasa miezi minne iliyopita mkwe wangu, mume wa binti yangu, akaniletea mashine mpya, ina kioo kinachokuonyesha chuma ni cha aina gani na kiko chini kiasi gani, na inaongea na simu, simu inachora ramani ya kila ulipopita. Wifi aliizunguka mara mbili akasema, "Hiyo ndiyo inayotafuta. Wewe unaitembeza tu."

Jumamosi ya kwanza nilipata vitu kumi na vinne, yeye akapata bawaba. Ya pili vivyo hivyo. Alicheka, lakini tuliokuwa tukitembea bega kwa bega tukipiga soga, sasa yeye akawa upande ule wa uwanja na mimi upande huu. Siku moja tu kioo changu kilisema hapa ni takataka, nikataka kupita, yeye akaja akanivua spika za masikioni akajivika, akasikiliza, akasema, "Kioo chako kimedanganya, chimba." Tukatoa kufuli zito la shaba, na wiki nzima alikuwa akiimba.

Kosa langu nililifanya Jumanne, wiki tatu zilizopita. Wifi alikuwa na miadi ya macho hospitali, mimi niko nyumbani naangalia ramani kwenye simu, nikaona kipande chembamba ambacho hatujawahi kukipita miaka yote hiyo, nyuma ya msingi wa tangi la maji, nikajiambia naenda mara moja tu kuangalia. Dakika ishirini na tano, mshauri. Mashine ikalia, kioo kikasema shaba, shubiri mbili chini, kina ambacho mashine zetu za zamani haziwezi kukifikia hata uzibembeleze, nikachimba na kuchimba na ikatoka. Nilifuta udongo kwa kidole nikaiona namba. Nilikaa juu ya ule msingi nikaisoma tena.

Nilikusudia kumwambia jioni ileile. Nikamwona amerudi na dawa ya macho, amechoka, nikasema kesho. Kesho ikawa Jumamosi. Mshauri, Jumamosi ile wifi yangu alichimba mashimo tisa, akafukia mashimo tisa, akanywa chai kutoka kwenye chupa yangu, akapangusa jasho akaniambia, "Wifi, leo nilihisi iko karibu." Na filimbi ilikuwa kwenye mkoba begani mwangu. Zimepita Jumamosi tatu za namna hiyo.

Naogopa mambo mawili. Ataniuliza kwa nini nilikwenda bila yeye, sina jibu. Na akishaipata hatakuwa na sababu ya kuja tena uwanjani, nami nitabaki na mashine yenye akili na hakuna wa kuzungumza naye. Nimefikiri niirudishe ardhini, niifukie juujuu, shubiri moja, mahali ambapo mashine yake ya zamani itaisikia, aichimbe mwenyewe afurahi. Mahali nimeshapachagua. Je, ni vibaya? Au nimrudishie mkwe mashine yake tuanze upya kama zamani?

Ni mimi,
Mwenye Mashine Mpya

MSHAURI ANAJIBU

Mama yangu, sijacheka. Nilipofika kwenye yale mashimo tisa niliiweka barua mezani nikaenda kunywa maji.

Tuanze na huo mpango wako wa kufukia, maana naona umeupenda mno. Uache leo hii. Mwanamke anayetofautisha msumari na sarafu kwa sikio, unadhani hatatambua udongo uliochimbwa juzi? Kitu kilichokaa shubiri mbili chini kwa miaka hamsini na ushee, kimepandaje? Atajua kabla hajainuka. Na hata asipojua, wewe utajua, na kila atakapoisimulia furaha ile utakuwa unatazama pembeni. Wifi yako amebeba uongo mmoja juu ya filimbi hiyo tangu utotoni, umemwona ulivyomla. Unataka kumtundikia wa pili?

Unasema unamwonea huruma. Siku ya kwanza nakubali, alikuwa amechoka, ana dawa machoni. Jumamosi ya pili na ya tatu ulikuwa unajionea huruma wewe. Nakuambia hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu mtu mbaya asingeniandikia kurasa tatu.

Mashine mwachie mkwe furaha ya kuwa ameitoa, usiirudishe. Haikukutuma uende peke yako Jumanne. Imefanya kazi ambayo masikio mawili na mashine mbili za mtumba zisingeifanya hata kwa miaka ishirini mingine, na kama si hiyo, filimbi ingebaki chini mpaka wapitishe greda. Kilichowatenganisha ni kwamba uliishika mwenyewe wiki baada ya wiki, ukimwacha mwenzako na ya zamani, kisha unashangaa amehamia upande wa pili wa uwanja. Lile kufuli la shaba lilishakuonyesha dawa: kioo kinakosea, sikio lake linasahihisha. Alivaa spika zako mara moja tu akaimba wiki nzima. Mara moja tu, mama! Ungempa mashine Jumamosi iliyofuata ungepungukiwa nini?

Na hili la kwamba hatakuja tena, umemuuliza? Hujamuuliza. Umemjibia.

Sasa fanya hivi. Usingoje Jumamosi, wala usimwambie uwanjani mbele ya mtunza uwanja. Nenda nyumbani kwake kesho mchana, peke yako, mashine iache. Mpe filimbi mkononi kwanza, ndipo useme: niliipata Jumanne, nilikwenda bila wewe, nimekaa nayo Jumamosi tatu. Usianze na sababu. Akikufokea, sikiliza, usijitetee. Siri anayomficha kaka yake si yako, usiiguse, ataisema akitaka. Halafu Jumamosi uwe uwanjani saa ileile na chupa ya chai, hata kama amekuambia haji. Mashine mpya mkabidhi yeye.

* * *

Jibu hili nilimsomea mama huyu kwa simu kabla ya kulipeleka kwa mhariri, kwa kuwa alituachia namba na mimi sikuona sababu ya kumwongezea wiki nyingine ya mateso. Jumapili alinipigia.

Alikwenda kama tulivyokubaliana. Wifi aliipokea filimbi, akaisogeza dirishani, akaisoma namba kwa sauti, tarakimu moja moja. Alipoambiwa habari ya Jumamosi tatu aliinuka akafungua mlango. "Nenda, wifi. Leo sitaki kukuona." Mama akaenda.

Jioni wifi akaja mwenyewe, akampita mama sebuleni bila salamu, akamwekea kaka yake filimbi mezani. "Kaka, niliichukua mimi."

"Najua," akasema kaka. "Nilikuwa dirishani, nilikuona ukitoka nayo."

"Mbona hukusema?"

"Wangekuchapa wewe."

Mama anasema hapo alitoka akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Aliporudi wale wawili walikuwa wanalia na kucheka kwa zamu, na wifi akamwambia, "Na wewe kaa, bado nimekukasirikia."

Filimbi wameisafisha kwa mswaki. Hailii, ukipuliza inatoa pumzi tu. Imewekwa sebuleni kwa wifi, karibu na cherehani.

Jumamosi walikwenda watatu. Wifi alibeba mashine mpya na tayari ameigombeza mara kadhaa kwa kusema mambo asiyokubaliana nayo. Mama alibeba ya zamani, akifundishwa milio upya. Kaka, ambaye miaka kumi na moja hakuwahi kukanyaga pale, alipewa jembe na akalalamika njia nzima. Walichimba mpaka saa sita na kitu pekee cha maana walichopata ni kijiko. Wifi anasema ni chake kwa kuwa yeye ndiye aliyekisikia, mama anasema ni chake kwa kuwa mashine ni yake, na wamenitaka niamue.

Kijiko ni cha aliyechimba. Mpeni kaka.