Kidole Gumba cha Abner

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Nimepata kazi. Mimi, mstaafu, na magoti haya!

Brandon alikuja asubuhi na pikipiki yake. Nilimfundisha Kiswahili hapa Mosocho — hodari wa insha, mvivu wa kupiga deki. Siku hizi yuko Kisii mjini, anaandikia tovuti inayopima michezo ya mtandaoni. Wanataka tathmini kwa Kiswahili, na Kiswahili chake, alikiri mwenyewe, kina matundu. Mchezo wenyewe ni wa sloti. Nikamwambia hii ni nyumba ya Wasabato, hatuchezi kamari. Akasema hakuna pesa yoyote, ni wa majaribio tu, sarafu za bure, zikiisha unaongezewa. "Mwalimu, wewe unacheza tu, halafu unaandika vile umeona."

Nimekubali. Malipo ni ya Beverlyne wa mazoezi ya viungo, na Beverlyne ndiye anayehangaika kuurudisha mkono wa Abner, mume wangu.

Mkono hautaki kurudi. Tangu kiharusi cha Juni, mguu umerudi, anajikongoja na fimbo hadi uani. Maneno yanarudi mojamoja. Mkono wa kulia umelala mapajani tu, kama mgeni aliyekataa kula. Amepewa mpira mdogo aubinye. Haubinyi. Anauangalia. Na huo ndio mkono ulioshona sare za watoto wa hapa wote, na za wazazi wao.

Namwombea. Kuna saa namkasirikia, halafu namwombea tena.

Jumanne, 4 Novemba

Mchezo unaitwa Mzinga wa Asali. Safu tano za picha — maua, masega, mitungi, nyuki. Unabonyeza Zungusha, safu zinateremka kwa kasi, zinasimama. Picha zikifanana, unapata sarafu. Nyuki akitua kwenye safu, safu hiyo inarefuka, inaongeza picha, na nafasi za kushinda zinaongezeka. Nyuki watatu wakitua pamoja kuna bonasi: mizunguko ya bure, asali inamwagika kioo kizima, na muziki.

Sasa hizo safu nitaziitaje kwa Kiswahili? Brandon anasema "rili". Safu zinazotanuka? Kinachotanuka ni mpira. Zinazovimba? Kinachovimba ni jipu. Nikakaa na kalamu mdomoni.

Abner alikuwa kwenye kiti chake cha dirishani, karibu nami. Tangu hospitali hajaangalia kitu kwa makini. Si habari, si ng'ombe, si mimi. Nyuki akatua, safu ikarefuka. Nikasikia: "Pindo."

Nikazungusha tena. Nyuki mwingine. "Pindo," akasema. "Fumua."

Gauni la msichana wa darasa la kwanza huachiwa pindo nene chini. Mtoto akirefuka, mama yake anarudi kwa Abner, Abner anafumua pindo, gauni linashuka tena hadi magotini. Mwaka mwingine umeokolewa. Mume wangu aliona safu ikirefuka, akaona gauni.

Nililia kidogo. Kisha nikaandika: safu hufumuliwa pindo. Ugali ukaungua.

Jumatano, 5 Novemba

Nyangau alipiga simu kutoka Mombasa. Amesikia habari za kazi yangu na anaogopa. Mama, usije ukaacha namba ya siri ya pesa karibu na huo mchezo. Mwanangu wa kumzaa ananifundisha maisha.

Nilimcheka. Namba yangu ya siri ni mwaka wa harusi yetu, na kama kuna mtu mmoja duniani asiyeujua mwaka huo, ni baba yake. Ukimuuliza anajibu, "Ule mwaka wa mvua kubwa." Amejibu hivyo maisha yetu yote. Hata daktari alimuuliza, alipokuwa amelazwa: mzee, ulioa mwaka gani? Mvua. Daktari akaandika kwamba kumbukumbu imeathirika. Nilitaka kumwambia, daktari, huo ugonjwa nimeolewa nao.

Alhamisi, 6 Novemba

Kimesogea!

Niandike polepole. Nilikuwa nachambua mboga za chinsaga. Simu nilikuwa nimeiegemeza kwenye mto mapajani mwa Abner ili atazame nyuki. Safu zilisimama, mchezo ukawa unangoja. Nikasema ngoja nifute mikono. Nikasikia safu zinateremka.

Nikageuka. Kidole gumba cha kulia kilikuwa juu ya kioo. Abner alikitazama kama vile ni cha mtu mwingine. Niliogopa kukishtua, nikabaki na mboga mkononi. Safu zikasimama. Kidole kikainuka — kidogo sana, unene wa kifungo cha shati — kikashuka. Zungusha.

Mpira wa Beverlyne umekaa hapo miezi yote. Kitabu cha nyimbo nimekiweka kwenye kiganja hicho kila asubuhi. Mungu ana njia zake, lakini hii sikuitarajia.

Ijumaa, 7 Novemba

Jua linakaribia kuzama, Sabato inaingia. Nimezima simu na kuifungia kwenye kabati la vyombo. Abner ameninunia. Amenuna mdomo mzima! Kuanzia Juni alikuwa ananuna upande mmoja tu. Nimefurahi mno, nimemuudhi zaidi.

Jumamosi, 8 Novemba (Sabato)

Sister Esnah alisimama kanisani kumshukuru Mungu kwa ajili ya kidole cha mzee Abner. Wote wakasema amina. Baada ya ibada akanivuta pembeni: ni mazoezi gani hayo, maana kaka yake naye mkono umekufa ganzi. Nikasema ni ya kubonyeza. Kubonyeza nini? Nikasema vitu vidogovidogo, nitamuuliza Beverlyne.

Sikusema uongo. Lakini nilirudi nyumbani na aibu na furaha, zote mbili zimenishika mkono.

Jumanne, 11 Novemba

Kidole cha shahada kimefuata. Na cha kati. Sasa anaishika simu kwa mkono wa kulia, mto ukiwa chini kumsaidia. Anazungusha, nyuki anatua, anasema "fumua" kwa sauti ya mtu aliye kazini. Mimi naandika maelezo yangu. Tunakunywa chai. Tangu lini tulikaa hivi, bega kwa bega, mchana wote? Alikuwa anatoka alfajiri kwenda mjini, anarudi amechoka, na uzi kwenye nywele.

Beverlyne alipofika alicheka hadi akakaa chini. Kisha akaacha kucheka. Alisema mkono haujui kama ni mchezo au ni nini, unachojua ni kwamba unautaka. Vizuri. Ila tuuhamishie kazi nyingine haraka, mkasi, kitambaa, usije ukazoea kitu kimoja tu.

Nikaleta mkasi wake. Ule mkubwa, wa mpini mweusi, ambao mimi mwenyewe nilichapwa kwa maneno siku nilipoukatia karatasi. Nikauweka mapajani. Aliutazama muda, akausukuma kwa mkono wa kushoto.

"Simu," akasema.

Beverlyne alifikiri ni ukaidi. Mimi namjua. Ni woga. Mkasi unamjua alivyokuwa. Mchezo haumjui, kwa hiyo mbele yake haoni aibu.

Alhamisi, 13 Novemba

Kirit amepiga simu kutoka mjini. Cherehani ya Abner iko kwenye baraza la duka lake la vitambaa tangu enzi za baba yake Kirit. Akauliza hali, akauliza mguu, akauliza maneno. Mwisho akafikia alichopigia. "Mwalimu, mimi nafunika machine yake kila jioni, mvua isiguse. Lakini shule zikikaribia kufungua, wazazi watakuja na watoto hapa, nitawaambia nini? Fundi mwingine ameniuliza hiyo nafasi. Sijamjibu. Niambie tu, anarudi?"

Nikamwambia anarudi. Ilinitoka kabla sijafikiri. Abner alisikia yote, simu ilikuwa kwenye spika. Akageukia dirisha.

Tathmini nimemaliza. Nimesifu rangi, nimesifu muziki, nimesema mchezo ni mwepesi kuelewa hata kwa asiyejua lolote. Nimeeleza pindo, na mizunguko ya bure, na asali. Halafu nikaongeza aya hii, naitunza hapa nisije nikaisahau:

"Pindo la gauni hufumuliwa kwa sababu kuna kitambaa kilichoachwa ndani, na kitambaa hicho mzazi alikinunua. Safu za mchezo huu zikifumuliwa pindo, mchezaji ajiulize kitambaa kimetoka wapi, na nani amekinunua."

Brandon alisoma, akapiga simu. Alisema aya ni tamu, yeye binafsi imemgusa, lakini mkubwa wake ataitoa. Nikamwambia basi na jina langu litolewe. Akasema kwa upole kwamba jina langu halikuwepo. Tulicheka wote wawili. Nimeituma vilevile.

Jumatatu, 17 Novemba

Malipo yameingia. Tathmini imewekwa. Aya imetolewa, pindo limebaki. Sasa kuna watu mahali fulani wanasoma neno la Abner na hawajui ni la nani. Nilimsomea. Akatabasamu mdomo mzima.

Halafu akashika simu, akabonyeza. Hakuna kitu. Akabonyeza tena. Kazi imekwisha, majaribio yamefungwa. Mahali palipokuwa na sarafu za bure pana kitufe cha rangi ya dhahabu: Weka Pesa.

Nilimweleza taratibu. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha mkono ukashuka, ukalala palepale ulipokuwa umelala Juni hadi Novemba.

Jumanne, 18 Novemba

Mkono haujafanya lolote leo. Mpira, hapana. Kijiko, hapana. Nimempigia Beverlyne. Amesema tusiuache hivi, ulichopata juzi utakipoteza upesi. Nimepakua michezo mingine isiyo na pesa — ya kupanga matunda, ya nyoka. Ameitazama kwa heshima, kama mtu anayepewa nguo isiyo saizi yake.

Jumatano, 19 Novemba

Leo asubuhi, nikikama ng'ombe, niliwaza: hamsini tu. Weka hamsini, Bosibori, mkono uamke, nani atajua? Mimi niliyeandika ile aya. Nimeshangaa jinsi wazo lilivyoingia bila kubisha hodi, likakaa, likajifanya la nyumbani.

Sikuweka. Niliweka mezani mbele yake mkasi, kipande cha kitambaa cha bluu cha sare, na simu. Nikamwambia, Baba Nyangau, nakwenda kuangalia ndizi. Nikatoka. Nilizunguka migomba nikiomba, na sikuangalia ndizi hata moja.

Niliporudi mkasi ulikuwa umesogea. Ulikuwa juu ya kitambaa, umefunguka. Kitambaa kina mkato pembeni, mfupi, umepinda, mkato ambao zamani angemfukuzia mwanafunzi wake wa ushonaji. Mkato wake! Nilitaka kukibusu kile kitambaa.

Lakini Abner hakuwa anautazama. Alikuwa ameshika simu. Mkono wa kulia, bila mto. Ameshabonyeza Weka Pesa. Ameshaandika hamsini. Simu inaomba namba ya siri.

"Hiyo ni pesa ya kweli," nikamwambia.

"Najua." Akapumzika. Kisha ikaja, neno baada ya neno, sentensi ndefu kuliko zote alizosema tangu Juni. "Mkasi ni mzito, Mwalimu. Huku mkono unasikia. Nizungushe kidogo tu, halafu nikate tena."

Mimi mwenyewe si niliwaza hivyohivyo, na ndoo ya maziwa miguuni?

"Mwaka," akasema. "Mwaka gani?"

"Sikuambii."

"Wa mvua kubwa."

"Huo huo. Uandike, basi."

Alicheka. Nami nikacheka, Mungu anisamehe. Nikakaa upande wa pili wa meza na shajara hii, nikijifanya naandika mambo ya kuku. Naandika huku namtazama.

Kioo kimezimika mara moja kwa kungoja. Ameanza upya, yote kwa kidole kilekile, hajaomba msaada. Namba hazionekani, ni nukta tu, lakini nimesahihisha madaftari ya watoto maisha yangu yote, najua mkono unaandika nini hata ukifichwa. Kidole kimekwenda juu kushoto. Moja. Kimeshuka chini kulia, pembeni kabisa. Tisa. Kimengoja. Kimerudi katikati, chini. Nane.

Imebaki moja. Naweza kuinuka nikaichukua simu, hana nguvu ya kunizuia. Sijainuka. Midomo yake inacheza, anahesabu kitu. Siku ya harusi maji yalijaa hadi mlangoni mwa kanisa, na viatu vyangu vyeupe alivibeba yeye, kimoja mkono huu, kimoja mkono huu. Je, amefika hapo?

Sijui niombe akumbuke au niombe asahau. Kidole kiko hewani, na Abner amefumba macho anaitafuta ile mvua.