Mate kwenye kioo cha gari

Mwenzangu, acha unachofanya usome hii.

Mbwa wa mama ninayemfanyia kazi nusura afe kwa joto. Shemeji yake mama alitoka naye saa nne, eti anampeleka matembezi. Karudi saa sita kambeba kama gunia, ulimi nje, anahema mpaka mbavu zinacheza.

Namuuliza, "Kaka, kulikoni?" Ananijibu, "Si wewe hukumpa maji asubuhi!" Mimi! Bakuli nililijaza mwenyewe, akanywa namwona.

Nimemlaza kivulini, nikamlowesha tumbo na nyayo, nikamwashia feni. Sasa angalau anainua kichwa.

Lakini matembezi gani hayo? Nyayo hazikuwa na hata vumbi. Nikaenda kuchungulia gari la huyo kaka. Vioo vyote vimefungwa, na cha nyuma kimejaa mate na alama za kucha. Kwa ndani! Alimfungia humo juani akaenda zake.

Na mama ameshapigiwa simu. Nimesikia kwa masikio yangu: "Shemeji, huyo dada wako wa kazi mzembe, mfukuze leo leo."

Sasa kaja kuniomba ndoo na kitambaa, eti aoshe gari. Jua hili! Mtu asiyeosha hata kikombe chake! Nimemwambia, "Ndoo ina maji ya mbwa, kaka."

Nimekutumia picha ya kile kioo. Usiifute. Geti linafunguliwa, mama huyo. Nampeleka garini kwanza, kabla hajaingia ndani akasikia ya mwingine.