Filimbi ya Dakika ya Tisa

CHAMA CHA WASIKILIZAJI WA KELELE (CHAWAKE)

Kumbukumbu za kikao cha ishirini na saba, kilichoketi Jumamosi tarehe 14 Juni katika chumba cha nyuma cha karakana ya redio, kuanzia saa 9:10 alasiri

WALIOHUDHURIA
1. Fundi Redio – Mwenyekiti, na mwenye chumba
2. Karani mstaafu wa mahakama – Katibu
3. Mama Uzi, mshonaji wa kiwanda cha nguo – Mjumbe
4. Mwalimu wa hisabati, shemeji yake Mwenyekiti – Mjumbe
5. Nesi wa wodi ya wagonjwa mahututi – Mjumbe

ASIYEHUDHURIA
Mchonga mihuri – kwa udhuru wa jino

KUMB. NA. 1/27: KUANZA
Kikao kilichelewa dakika kumi. Mwenyekiti alikuwa kaunta na mteja aliyerudisha redio aliyokuwa ameichukua Alhamisi. Wajumbe walimsikia mteja akidai kuwa redio ina kasoro, na Mwenyekiti akimjibu kuwa haina. Alipoingia, Mwenyekiti alisema watu wa siku hizi hawana subira, kisha akafungua kikao bila kuwajulia hali wajumbe, jambo ambalo si kawaida yake.

KUMB. NA. 2/27: YATOKANAYO NA KIKAO CHA 26
Katibu alitoa taarifa kwamba kibao kipya kimetundikwa mlangoni. Hata hivyo, tangu kitundikwe, kina mama watatu wamekuja kwa nyakati tofauti kuuliza masharti ya kujiunga, wakidhani CHAWAKE ni chama cha wake. Mwalimu alipendekeza kifupisho kibadilishwe. Mama Uzi alipinga. Alisema mmoja wa kina mama hao alikubali kuketi na kusikiliza kwa dakika ishirini, kisha akaaga kwa adabu akisema kelele hizo haziishindi nyumba yake.

Iliamuliwa kibao kibaki kilivyo.

KUMB. NA. 3/27: MAONI JUU YA ALBAMU ZA MWEZI
Katibu alisoma kutoka katika Daftari la Maoni. Kwa faida ya mjumbe asiyehudhuria, inakumbushwa kwamba kila mjumbe huchukua albamu kutoka kikapu cha chama, huisikiliza nyumbani mara tatu, kisha huandika maoni yake kwa mkono wake mwenyewe.

Albamu ya kwanza, “Karakana Isiyo na Mlango”. Mama Uzi aliandika kwamba usikilizaji wa kwanza ulimfanya azime deki na kwenda kufua. Wa pili, alisikia bati linakatwa kwa msumeno. Wa tatu, alisikia kwamba anayekata anapumua, na kwamba pumzi yake inafuatana na msumeno kama mtu na mbwa wake. Aliipa alama nane kati ya kumi. Mwalimu aliipa nne, kwa maelezo kwamba amehesabu mapigo ya mwisho na hayagawanyiki kwa namba yoyote ya maana. Mama Uzi aliuliza kama Mwalimu huwa anasikiliza kwa masikio au kwa vidole. Mwenyekiti alitaka wajumbe waheshimiane.

Albamu ya pili, “Mvua ya Misumari”, ni mngurumo mmoja wa saa nzima usiobadilika. Nesi aliipa kumi. Alieleza kwamba kazini kwake kila mlio una maana: huu mtu hapumui, huu dawa imekwisha, huu kitanda cha nne kinaita. Akitoka zamu, hata kengele ya baiskeli humshtua. Albamu hii ni mlio mkubwa kuliko yote aliyowahi kuisikia, na haimwombi chochote. Alisema huilalia kochini mchana na kuamka akiwa mtu. Hakuna aliyempinga. Hata Mwalimu, aliyekuwa ameandika alama mbili, aliomba kalamu akaongeza.

KUMB. NA. 4/27: PENDEKEZO LA MWENYEKITI KUHUSU LUGHA YA MAONI
Mwenyekiti alieleza kwamba kuanzia sasa maoni yote yapitie kwake kabla ya kuandikwa daftarini, kwa kuwa baadhi ya wajumbe wanawavunjia heshima watunzi wasiokuwepo kujitetea. Aidha, alitaka maoni ya Mama Uzi juu ya albamu ya tatu, “Benchi”, yafutwe.

Katibu aliomba mwongozo. Kanuni ya nne, aliyoiandika Mwenyekiti mwenyewe, inasema kilichoandikwa daftarini hakifutwi. Mwenyekiti alijibu kwamba kanuni ni watu. Katibu, aliyetumikia mahakama miaka thelathini na mbili, aliandika jibu hilo kama lilivyotamkwa.

Nesi aliomba maoni yanayolalamikiwa yasomwe, maana hawezi kufuta asichokijua. Yalisomwa hivi:

“Albamu hii imo kikapuni bila jina la mtunzi. Ni sauti za redio mbovu: kukwaruza, kuungua, kutafuta stesheni na kuikosa. Sehemu ya kwanza na ya pili zimeshonwa na mtu anayejua kazi. Ukizishika hazifumuki. Ila sehemu ya tatu, dakika ya tisa, inaingia filimbi nyembamba juu kabisa na haitoki mpaka mwisho. Haipandi, haishuki, haina kazi yoyote pale. Ni pini iliyosahauliwa kwenye kola. Fundi anayeacha pini kwenye kola ama ana haraka ama hamjali atakayevaa. Haraka siioni katika kazi hii. Basi hajali. Tatu kati ya kumi.”

Mwenyekiti alisema hayo si maoni, ni matusi. Mama Uzi alisema kiwandani kwao, ambako mashine arobaini huunguruma kwa pamoja, msimamizi humwambia mtu kosa lake kwa maneno makali zaidi na hakuna anayelia. Mwenyekiti alisema hakuna anayelia hapa pia. Mama Uzi alisema basi aelezwe kwa nini maoni yake juu ya albamu nyingine ishirini na tano hayakumkera mtu, na baadhi yalikuwa machungu kuliko haya.

Mwalimu, ambaye tangu mwanzo wa mada hii alikuwa akitazama viatu vyake, alisema, “Shemeji, waambie tu.”

Mwenyekiti aligeukia deki. Ndipo Mwalimu alipowaeleza wajumbe kwamba “Benchi” ni kazi ya Mwenyekiti. Ameitengeneza kwa miaka miwili kwa sauti za redio zilizomshinda kutengeneza. Kabla ya kumrudishia mteja mzoga wa redio yake, alikuwa akiirekodi kwanza, ili isiondoke bure. Mwalimu aliongeza kwamba dada yake, mke wa Mwenyekiti, ameyazoea mambo hayo kama mtu anavyozoea jirani.

Mwenyekiti alikiri kuwa ni kweli. Alisema hakuweka jina kwa sababu alitaka kusikia kauli isiyotiwa sukari. Mama Uzi alimwambia kauli hiyo ameipata. Mwenyekiti alisema ameipata, ndiyo, lakini kauli hiyo imemsingizia. Kutojali angekubali. Ila hiyo filimbi haipo.

“Filimbi gani?” aliuliza. “Nimeisikiliza sehemu ile mara mia. Nionyesheni hiyo filimbi.”

KUMB. NA. 5/27: KUISIKILIZA UPYA SEHEMU YA TATU
Diski iliwekwa kwenye deki. Katibu alishika saa. Ilipofika dakika ya tisa, Mama Uzi alisema, “Hiyo hapo.” Nesi aliitikia kwa kichwa. Mwalimu alikunja uso, akashika sikio la kushoto.

Mwenyekiti alisema wamekubaliana. Mwalimu aliapa kwa jina la mama yake kwamba hawakukubaliana lolote, na kwamba yeye pia alikuwa ameisikia tangu mwezi uliopita, ila alidhani shemeji yake ameiweka kusudi, naye hakutaka kuonekana mshamba.

Mwenyekiti alisema wanadamu husikia wanachoambiwa. Alisimama, akachukua kutoka kwenye benchi kile kioo chake cha kupimia mawimbi, akakiunganisha na deki, akarudisha diski nyuma kidogo. Wajumbe walisogea. Mistari ya kijani ilirukaruka kiooni kwa kufuata kelele. Ilipofika dakika ya tisa, juu ya mistari mingine ulitokea mstari mmoja mwembamba, ulionyooka, ukabaki hapo.

Mwenyekiti aliutazama. Aliongeza sauti mpaka dirisha likatetemeka. Akainamisha sikio la kulia kwenye spika, kisha la kushoto. Halafu akapunguza sauti, akazima kioo, akaketi.

Nesi alimuuliza kwa upole kama zipo sauti nyingine ambazo watu humwambia zipo naye hazisikii. Mwenyekiti alijibu. Aliyoyasema yanaandikwa hapa kwa ruhusa yake:

“Miezi saba wateja wananirudishia redio. Wanasema, Fundi, inalia kisauti. Mimi naiwasha, nasikiliza, naona ni safi, nawaambia masikio yao ndiyo mabovu. Yule wa leo nimemwambia hivyohivyo. Nimemwambia mbele ya mtoto wake.”

Mwalimu alitaka kusema jambo la kufariji. Mama Uzi alimgusa mkono, akamzuia.

Nesi alieleza kwamba sauti nyembamba ndizo hutangulia kuondoka, tena huondoka kimyakimya, kwa hiyo mwenye masikio huwa wa mwisho kujua. Alisema zipo zinazopotea kwa umri na zipo zinazopotea kwa kazi, na kwamba si yeye wa kusema hii ni ipi bila vipimo. Kliniki ya masikio ya hospitali anakofanya kazi hupokea watu Jumanne asubuhi. Yeye atamsindikiza. Mwenyekiti alisema Jumanne ana kazi. Nesi alisema anajua. Mwenyekiti alisema basi sawa.

Mama Uzi aliomba radhi na kuomba sentensi zake za kutojali zifutwe daftarini. Katibu alikuwa tayari kuangalia pembeni.

Mwenyekiti alikataa. Alisema, “Yaache, Mama Uzi. Humu chamani wengine walinionea haya. Wewe peke yako ndiye uliyeniambia.”

Iliamuliwa: maoni yabaki, na Mama Uzi aongeze chini yake mstari mmoja wenye tarehe ya leo. Aliongeza papo hapo: “Nilikosea sababu. Pini sikukosea.”

Pendekezo la Mwenyekiti chini ya KUMB. NA. 4/27 liliondolewa na Mwenyekiti mwenyewe.

Ulifuata mjadala kuhusu hatima ya filimbi. Mwalimu alishauri iachwe, kwa hoja kwamba sasa ndiyo sehemu ya kweli kuliko zote katika albamu. Mama Uzi alisema pini ni pini hata ukijua aliyeiacha. Msikilizaji wa mbali hatapewa kumbukumbu za kikao hiki pamoja na diski. Atapewa maumivu ya sikio tu. Alijitolea kuja siku mbili kwa wiki baada ya kazi, akae pembeni ya benchi na kumwonyesha Mwenyekiti zilipo sauti asizozisikia. Nesi alisema hilo lisiwe kwa albamu tu. Hata redio za wateja zingefaidika. Mwenyekiti alisema hajawahi kushikiwa kazi na mtu tangu alipofuzu. Mama Uzi alisema hatashika kitu, atakaa tu na kusikia.

Mwenyekiti alikubali kwa redio. Kwa albamu aliomba apewe muda, kwa sababu hawezi kuamua juu ya kitu asichokijua kilipo.

Ndipo alipoomba sehemu ya tatu ipigwe tena, yote, tangu mwanzo. Aliomba kila mjumbe anyanyue mkono filimbi ikianza, na asiushushe mpaka iishe.

Ilipigwa. Mwenyekiti aligeuza kiti akaipa spika mgongo, akawatazama wajumbe. Dakika tisa zilipita kwa kukwaruza na kuungua, zile sauti za kutafuta stesheni. Dakika ya tisa na sekunde nne Mama Uzi alinyanyua mkono, kisha Nesi, kisha Mwalimu, kisha Katibu. Mikono ilibaki juu kwa dakika sita na nusu. Wa Mwalimu ulichoka, akaushikilia kwa mwingine. Mwenyekiti aliitazama mikono hiyo muda wote, mmoja mmoja, kichwa kikiwa kimeinama upande kidogo, kama anavyofanya akitafuta stesheni ya mbali. Sehemu ilipokwisha na mikono kushuka, alisema, “Ni ndefu,” na akawashukuru.

KUMB. NA. 6/27: MENGINEYO
Mwenyekiti aliomba udhuru wa dakika tano, akatoka kwenda nyumbani kwa yule mteja, mtaa wa pili, kumwambia airudishe redio. Alirudi baada ya dakika ishirini na tano akiwa na redio kwapani.

Katibu anaomba kumbukumbu hizi zionyeshe jambo moja ambalo halikusemwa kikaoni. Katika zoezi la kunyanyua mikono chini ya KUMB. NA. 5/27, Katibu aliunyanyua wake baada ya kuwaona wengine, na akaushusha baada yao. Anaomba naye apewe nafasi kliniki Jumanne asubuhi.

KUFUNGWA
Hapakuwa na la zaidi. Viti vilirudishwa ukutani na mlango wa karakana ukafungwa saa 11:50 jioni.

Zimesomwa kwa sauti mbele ya wajumbe na kukubaliwa kuwa ndivyo ilivyokuwa:

………………………………
Fundi Redio
MWENYEKITI

………………………………
Karani mstaafu
KATIBU