Korongo wa Kaleli

Thika,
Jumamosi

Kwako mdogo wangu Bedan,

Salamu nakupa kwa sababu Maitu aliyetuzaa alitulea hivyo. Mimi mzima, watoto wazima. Hali yako sikuulizi, nasikia umenenepa. Ningekuja Ruiru nikwambie haya usoni, lakini siku hizi za Hali ya Hatari Mkikuyu hatoki Thika bila pasi ya serikali, na mimi nimenyimwa. Kwa hivyo soma.

Ulipokuja Pasaka ulilala kwangu, ukala irio yangu, ukazungukazunguka karakana ya shule ninapofundisha kuchora matangazo. Mezani palikuwa na kibao cha kupigia chapa ambacho mwanafunzi wangu Kaleli alikuwa amechonga kwa linoliamu: korongo, na chini yake neno SABUNI. Nilimwona akikichonga mpaka vidole vikatoka damu. Ulipoondoka hakikuonekana tena. Nikagombeza wafagiaji wa watu bure, kumbe mwizi nilimpakulia mwenyewe.

Sasa korongo yule yuko kwenye kila sabuni ya kiwanda chenu, na wewe unaitwa mchoraji mkuu. Kaleli alipopeleka picha ileile kwenye maonyesho, meneja wenu alilalamika kwamba shule inafuga wezi. Kaleli akafukuzwa, naye amebakiza mwaka huu tu apate cheti. Wewe ulisikia, ukanyamaza. Huna haya hata kidogo.

Maitu akamtuma mke wako Magdalene anisihi nami ninyamaze. Eti damu ni nzito kuliko maji, na nitamtupaje mwana wa tumbo moja kwa ajili ya Mkamba? Nikamjibu kwamba Mkamba huyo hajaniibia hata kijiko.

Basi ujue nilichofanya. Jumatano meneja wenu alikuja shuleni, nikamweleza yote. Akaniuliza kati ya mwalimu na mchoraji wake amwamini nani. Nikamwambia, "Usiamini mtu. Wape Kaleli na Bedan linoliamu na kisu."

Wajua herufi za kibao huchongwa kinyume, kama zinavyoonekana kwenye kioo, ndipo zikipigwa chapa zisomeke. Kaleli alichonga palepale, meneja na mwalimu mkuu wakitazama, na chapa ikatoka safi. Wewe kinyume kilikushinda tangu nikufundishe. Ulikuwa ukitupa kisu ukisema hiyo ni kazi ya wendawazimu. Zamu yako ni Jumatatu asubuhi. Barua hii nimeichelewesha makusudi ikufikie Jumanne, maana nakujua, ungejifanya mgonjwa.

Maitu amesema nisikanyage kwake tena mpaka afe. Imeniuma, Bedan. Nimelia, mtu mzima na ndevu zangu. Lakini ningeulizwa leo ningesema vilevile.

Kaleli amerudishwa darasani. Bweni limejaa, kwa hivyo nimemchukua hapa kwangu, analala kwenye kitanda chako. Wakikufukuza, usije Thika.

Nisalimie Magdalene, yeye hana kosa.

Ni mimi, uliyekuwa ukiniita kaka,
Ephantus